Kutoka Ndoo ya Tope Hadi Bilauri: Kusafisha Maji ya Kunywa kwa Mbegu za Mlonge na Mimea Mingine

Chota maji ya mto baada ya mvua kubwa, yatie kwenye ndoo, yaache yalale. Asubuhi mchanga utakuwa umezama, lakini maji yenyewe bado yana rangi ya udongo. Ukiyachuja kwa kitambaa hayabadiliki. Ukiyachemsha unapata tope la moto. Chembe zinazoendelea kuelea ni za mfinyanzi, ndogo mno kunaswa na kitambaa, na kila moja imebeba chaji hasi ya umeme. Chaji zinazofanana husukumana, kwa hiyo chembe hazishikani, na zisiposhikana hazipati uzito wa kuzama. Zinaweza kuelea hivyo kwa siku kadhaa.

Mbegu ya mlonge inafanya kazi hapo hapo. Kiini chake kina protini zinazoyeyuka majini, nazo zina chaji chanya. Zikikorogwa kwenye maji ya tope huzivuta chembe za udongo, na pamoja na udongo huwavuta bakteria wengi, kwa sababu nao kwa nje wana chaji hasi. Vyote hushikamana kuwa mabonge laini kama pamba iliyochambuliwa, mabonge yanakua, yanakuwa mazito, yanazama. Baada ya saa moja maji ya juu yanapenyeza mwanga.

Wanawake wa Sudan waliokaa kandokando ya Nile walikuwa wakifanya hivyo ndani ya mitungi yao kila mto ulipojaa tope la mafuriko, na kwa Kiarabu cha huko mti wenyewe wakauita shagara al-rauwaq, mti wa kusafishia. Katika miaka ya 1970 mtafiti Samia Al Azharia Jahn alikwenda kuangalia walichokuwa wakifanya, akakipima na kukiandika. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 wahandisi wa Chuo Kikuu cha Leicester, Uingereza, walizijaribu mbegu hizo kwenye mtambo wa maji wa Thyolo, Malawi, zikafanya kazi ambayo mitambo mingi huifanya kwa shabu, ile kemikali ya kukusanyia tope. Nayataja haya kwa sababu wapo wanaoidhani njia hii kuwa ya kubahatisha. Imepimwa, na vipimo vyake ndivyo nitakavyokupa hapa chini.

Soma hili kabla ya kuponda mbegu

Onyo naliweka mwanzoni makusudi. Likiwekwa mwishoni, msomaji huwa ameshakunywa.

Maji yaliyong'aa bado yanaweza kukuumiza. Ukifuata hatua vizuri, mbegu za mlonge hupunguza bakteria kwa asilimia 90 hadi 99. Ni nyingi, lakini piga hesabu: kama kikombe kilikuwa na bakteria 10,000, ukiondoa asilimia 99 wanabaki 100, na wachache tu wa aina mbaya wanatosha kumlaza mtoto. Tena mbegu huacha ndani ya maji mabaki ya mmea ambayo ni chakula cha bakteria. Maji yaliyosafishwa kwa mlonge peke yake, yakikaa zaidi ya siku moja, bakteria waliosalia huzaana upya. Kwa hiyo mbegu ni nusu ya kazi: zinatoa tope. Nusu ya pili ni kuua vijidudu kwa moto, jua au klorini, na nusu hiyo haina mbadala.

Kilichoyeyuka ndani ya maji, mbegu hazikigusi. Chumvi, floridi, aseniki, dawa za kunyunyizia mashamba, vyote hubaki. Kuchemsha nako hakusaidii hapo. Mvuke unapopanda, vitu hivyo hubaki kwenye maji machache zaidi. Kama chanzo chako kiko chini ya shamba lililopigwa dawa, karibu na machimbo, au kina utando wa mafuta juu, tafuta chanzo kingine. Hakuna mmea utakaokuokoa.

Kuchagua mbegu

Mti huu wengine huuita mronge, wengine mzunze. Kitaalamu ni Moringa oleifera. Ndugu yake Moringa stenopetala, anayestawi Ethiopia na kaskazini mwa Kenya, ana mbegu zinazofanya kazi hiyo hiyo.

Chuma maganda yaliyokaukia mtini, ya kahawia, yanayokatika kwa sauti ukiyakunja. Mbegu za maganda mabichi hazina nguvu ya kukusanya tope, na hili ndilo kosa ninaloliona mara nyingi kwa wanaoanza: wanachuma ganda la kijani, wanaponda, maji yanabaki vile vile, wanasema njia ni ya uongo. Ndani ya ganda kavu utakuta mbegu za duara zenye mabawa matatu membamba. Ondoa mabawa, vunja gamba la kahawia, toa kiini cheupe. Kiini cheusi, chenye ukungu au kilichosinyaa kitupe.

Usitumie mbegu zilizouzwa kwa ajili ya kupanda kama zimepakwa dawa ya wadudu. Na usijaribu kutumia mizizi ya mlonge badala ya mbegu, maana ina sumu.

Kwa wanaokamua mafuta ya mlonge kuna habari njema: protini hazitoki na mafuta. Mashudu yanayobaki baada ya kukamua bado yanasafisha maji vizuri.

Kiasi gani?

Hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa ndipo kazi inapofaulu au kuharibika. Mbegu chache mno hazikusanyi tope lote. Zikizidi, chembe zinafunikwa na chaji chanya hadi zinaanza kusukumana upya, na maji yanarudi kuwa na ukungu. Wengi wakiona ukungu huongeza mbegu, na kumbe walitakiwa kupunguza.

Vipimo vya kuanzia ni hivi. Maji yenye ukungu mwepesi: mbegu 1 kwa lita 4. Maji ya tope la wastani: mbegu 1 kwa lita 2. Tope zito: mbegu 1 kwa lita 1. Tope la mafuriko, zito kabisa: mbegu 2 kwa lita 1. Kwa ndoo ya lita 20 hiyo ni mbegu 5, 10, 20 au 40. Kiini kimoja kina uzito wa karibu robo ya gramu au pungufu kidogo, kwa hiyo mbegu 10 ni takriban gramu 2.

Lakini "wastani" wangu huenda si wastani wako, na mto wa Jumatatu si mto wa Alhamisi. Njia ya uhakika ni kujaribu kwenye chupa. Ponda mbegu 10, changanya unga wake na mililita 200 za maji safi, tikisa, chuja. Chukua chupa nne zinazoonyesha, kila moja itie lita 1 ya maji yako ya tope. Ya kwanza weka kijiko 1 cha chai cha mchanganyiko huo, ya pili vijiko 2, ya tatu vijiko 4, ya nne vijiko 8. Kijiko cha chai ni mililita 5, na mililita 20 zina nguvu ya mbegu moja. Kwa hiyo chupa hizo nne zinalingana hasa na vile viwango vinne nilivyovitaja hapo juu. Tikisa kila chupa kwa nguvu kwa dakika moja, kisha zigeuzegeuze taratibu kwa dakika 5, zipange mahali patulivu na uzitazame baada ya saa moja. Chagua chupa iliyong'aa kwa mbegu chache zaidi. Ikiwa mbili zimelingana, chukua yenye vijiko vichache. Andika matokeo ukutani au kwenye daftari. Tope likibadilika rangi au uzito, rudia jaribio.

Maji ambayo tayari yanang'aa usiyatie mbegu. Tope lenyewe ndilo linalozipa protini kitu cha kushika. Likikosekana, unaongeza tu mabaki ya mmea ndani ya maji yaliyokuwa mazuri. Yapeleke moja kwa moja kwenye hatua ya kuua vijidudu.

Kazi yenyewe

Andaa ndoo mbili za lita 20 zenye vifuniko, kinu na mchi (viwe vikavu na visafi, visiwe vimetoka kutwanga kitu kingine), chupa ndogo yenye kifuniko, kitambaa cha pamba kilichofuliwa na mwiko mrefu. Nawa mikono kwa sabuni.

Kwanza acha maji ya mto yatulie kwa saa moja au mbili, kisha yamimine polepole kwenye ndoo ya kwanza, ukiacha mchanga nyuma. Mchanga huzama wenyewe, usipoteze mbegu kwa ajili yake.

Pili, twanga viini hadi viwe unga laini. Unga ukiwa wa chengachenga, protini nyingi hubaki zimefungiwa ndani. Uchunge kwa chujio la chai kama unalo, na chenga zirudi kinuni.

Tatu, tia unga kwenye chupa ndogo, ongeza kikombe kimoja cha maji safi, funga, tikisa kwa dakika 5. Maji yatageuka meupe kama maziwa. Yachuje kwa kitambaa. Unachokitaka ni hayo maji meupe. Makapi yaliyobaki kwenye kitambaa usiyatie ndani ya ndoo. Mchanganyiko huu huharibika haraka, kwa hiyo tengeneza wa kutumia siku hiyo hiyo. Wa jana mwaga.

Nne, mimina maji meupe ndani ya ndoo ya tope huku ukikoroga kwa kasi. Endelea kwa kasi hiyo dakika moja, ili protini zienee kila kona kabla hazijaanza kushika.

Tano, punguza mwendo. Koroga taratibu kwa dakika 5, mizunguko 15 hadi 20 kwa dakika, mwiko ukipita kana kwamba hutaki maji yajue. Hatua hii watu huiruka kwa sababu inaonekana haina maana. Mimi mwenyewe niliiruka mara za kwanza, nikaendelea kukoroga kwa nguvu, na maji yakakataa kung'aa, nikazilaumu mbegu. Kilichokuwa kikitokea ni kwamba mabonge yalikuwa yanaungana na mimi nayavunja. Ukikoroga polepole chembe zinakutana bila kuumizana, na ukiinama utaanza kuyaona mabonge kwa macho.

Sita, funika ndoo na uiache saa moja. Usiisogeze, usichungulie kwa kutikisa. Ikiwa baada ya saa moja bado kuna mabonge yanayoelea, ongeza saa nyingine.

Saba, hamisha maji masafi. Njia bora ni mpira mwembamba: ingiza ncha moja kwenye maji ya juu, mbali na mashapo, nyingine iwe kwenye ndoo ya pili iliyo chini zaidi. Mpira ujaze maji safi kwanza, usiunyonye kwa mdomo. Bila mpira, inamisha ndoo polepole au chota kwa upawa. Robo ya chini iache pale pale. Hiyo ndiyo sehemu yenye tope lote na wale bakteria wote ulioshusha, na ukiwa mchoyo wa lita chache za mwisho utarudisha ulichokiondoa.

Kuchuja kwa kitambaa

Pamba nayo ni mmea, na kitambaa chake kinastahili heshima kuliko kinavyopewa. Huko Matlab, Bangladesh, wanawake walifundishwa kuchuja maji kwa kitambaa cha sari ya zamani kilichokunjwa mara nne, na utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulionyesha kwamba wagonjwa wa kipindupindu walipungua kwa asilimia 48. Bakteria wa kipindupindu ni mdogo kuliko tundu lolote la kitambaa, lakini majini hupenda kujishikiza kwenye viumbe wadogo wanaoelea, na hao kitambaa kinawanasa. Kitambaa kilichozeeka kilifaa zaidi kuliko kipya, kwa sababu nyuzi zake zimefumuka na kuziba matundu.

Funga kitambaa chenye mikunjo minne, au zaidi kidogo, mdomoni mwa ndoo ya pili na upitishie maji yako hapo. Kitanasa mabonge yaliyoponyoka. Ukimaliza, kifue kwa maji safi na kianike juani hadi kikauke kabisa. Upande uliotazama juu leo, kesho utazame juu tena.

Kuua vijidudu

Chagua njia moja kati ya hizi tatu, ile unayoweza kuifanya kila siku bila kuruka.

Moto. Maji yakifika kutokota kwa nguvu, yaache dakika moja, inatosha. Kama unaishi zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, dakika 3. Watu huchemsha dakika 20 wakidhani wanaongeza usalama, kumbe wanachoma kuni na mkaa bure. Yaache yapoe ndani ya chombo hicho hicho kikiwa kimefunikwa.

Jua. Jaza chupa za plastiki zinazoonyesha, zisizo na mikwaruzo mingi, zisizozidi lita 2, uzilaze juani kwa saa 6. Mawingu yakifunika zaidi ya nusu ya anga, ziache siku mbili mfululizo. Mvua ikishinda ikinyesha, njia hii haifai. Kabla ya kuanza, simamisha chupa iliyojaa juu ya kichwa cha habari cha gazeti na utazame kutoka mdomoni mwa chupa: usipoweza kusoma herufi kubwa, maji bado yana tope mno na miale haitapenya. Hapa ndipo mbegu za mlonge zinapolipa jasho lako. Mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, waliripoti kwamba juisi ya ndimu ikitiwa kwenye chupa ya jua huharakisha kufa kwa bakteria wa E. coli, lakini virusi havikuguswa kiasi hicho. Tia ndimu ukipenda, ila saa 6 usizipunguze.

Klorini. Fuata kipimo kilichoandikwa kwenye kifungashio na usubiri angalau dakika 30 kabla ya kunywa. Iweke baada ya kuchuja, kamwe si kabla. Tope na mabaki ya mbegu huila klorini kabla haijawafikia vijidudu.

Mimea mingine

Mpungate, ule wa miiba wenye vipande bapa, una utelezi ambao nao hukusanya tope. Namna yake ni tofauti kidogo: nyuzi ndefu za utelezi hufunga chembe moja na nyingine kama kamba. Profesa Norma Alcantar wa Chuo Kikuu cha South Florida, Marekani, aliufanyia utafiti baada ya kukumbuka namna bibi yake huko Mexico alivyotumia maji ya mpungate uliochemshwa. Ondoa miiba na ganda, katakata, chemsha, poza, chuja, kisha tumia maji yake ya utelezi kwa hatua zile zile za kukoroga. Kiasi kipime kwa chupa nne, ukianza na kijiko kimoja. Bamia nayo ina utelezi wa aina hiyo, lakini mimi nisingeitegemea kwa ndoo ya kila siku.

India kuna mti uitwao nirmali, Strychnos potatorum. Mbegu yake husuguliwa kwenye ukuta wa ndani wa mtungi kabla ya kutia maji, na desturi hiyo imo hata katika maandishi ya kale ya Kisanskriti. Mti huu huota Afrika pia. Hata hivyo siushauri kwa asiyeutambua kwa hakika, kwa sababu ndugu yake wa karibu, Strychnos nux-vomica, ndiye anayetoa sumu ya strikinini. Kwa sababu hiyo hiyo, usijaribu mbegu za mbarika wala mbono kaburi kwa kuwa tu zinaonekana nono. Mbegu usiyoijua haiingii kwenye maji ya kunywa.

Mkaa wa kuni ngumu au wa vifuu vya nazi huondoa harufu na ladha mbaya. Uvunje vipande vidogo, uoshe hadi maji yake yasiwe meusi, upange ndani ya chombo chenye matundu na upitishie maji yaliyokwisha kung'aa. Hauui vijidudu, na ukikaa muda mrefu bila kubadilishwa unageuka makazi yao. Kwa hiyo maji yapite kwenye mkaa kwanza, kuua vijidudu kufuate.

Kuhifadhi maji na mbegu

Maji yaliyokamilika yakae kwenye chombo chenye kifuniko, ikiwezekana chenye koki au mdomo mwembamba, mkono usiingie ndani. Yanywe ndani ya siku moja. Mashapo ya ndoo ya kwanza yamwage shambani au chini ya mti, mbali na kisima na mahali watoto wanapochezea, halafu sugua ndoo kwa sabuni.

Mbegu zihifadhi ndani ya magamba yake, kwenye chombo kikavu kinachofunga vizuri. Usizitwange mapema ili kurahisisha kazi ya baadaye, maana unga hupoteza nguvu. Nyumba inayosafisha lita 20 kwa siku, tope likiwa la wastani, inahitaji mbegu 10 kila siku, yaani 300 kwa mwezi na 900 kwa miezi mitatu ya mvua. Ukikadiria mbegu 15 kwa ganda, hayo ni maganda 60. Yachume kiangazi yanapokauka, kabla hayajapasuka na kumwaga mbegu, na kabla mto haujaanza kubadilika rangi.